Kulishwa kwa Fimbo

Mateka waliteremshwa kutoka mlimani siku ya nane ya Ramadhani, jua likiwa utosini. Mwanamkuu binti Fakihi alikuwa mtoni Themi, anasugua pembe zake za kuumikia, za kuwatolea watu damu chafu, kwa mchanga na majivu, akawasikia kabla hajawaona. Hawakulia wala hawakusema. Kilichosikika ni miguu yao tu, inayoburuzika kwenye changarawe kama magunia.

Akainua kichwa. Walikuwa arobaini na mmoja, wanaume, wanawake na watoto, wamefungwa kamba shingoni wawili wawili. Mbavu zao zilihesabika. Watoto matumbo yamevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Mbele alitembea mume wake, Shaush Murjan, sajini wa kikosi, bunduki begani, na nyuma askari walikuwa wakiswaga ng'ombe waliotekwa.

Wiki tatu kabla ya hapo kikosi cha Wajerumani kilipanda Meru kuwaadhibu watu waliokataa kutoa vibarua. Kilichoma nyumba, kikafyeka migomba, kikamwaga ulezi wa maghalani kwenye matope na kuukanyaga. Waliosalimika walikimbilia msituni, wakajificha kwenye mapango, wakala mizizi, na mizizi ilipokwisha wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Sasa njaa ilikuwa imewatoa wenyewe.

Mwanamkuu alizaliwa Pangani. Baba yake alikuwa tabibu wa vitabu, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, elimu yake yote alimwachia binti. Alimfundisha maji manne ya mwili, yaani damu, balghamu, safura na sauda, vyakula vyenye tabia ya moto na vyenye tabia ya baridi, nani anafaa kufunga na nani saumu itamuua, na mfungaji afungue kwa kitu gani na kiasi gani. Kisha akamwoza kwa Murjan, Msudani aliyeletwa pwani kuwa askari, na Mwanamkuu akamfuata mumewe hadi huku bara, kwenye baridi na vumbi la boma lililokuwa likijengwa. Hapo kambini, askari aliyeumwa alikwenda kwanza kwake. Masanduku ya dawa ya Wazungu waliyaogopa.

Alikusanya pembe zake akaenda mbio hadi kwenye zizi walikofungiwa mateka. Alipofika, fahali wawili walikuwa wamekwisha chinjwa.

Aliyetoa amri alikuwa Mzungu mkuu wa kikosi. Jina lake askari hawakuweza kulitamka, wakamwita Bwana Saa, kwa sababu kila dakika mkono wake ulikuwa mfukoni kutazama saa. Mawe ya boma yalikuwa yakingoja wabebaji, naye alitaka watu hao wapate nguvu upesi.

"Wape nyama," alimwambia Murjan kwa Kiswahili chake cha amri. "Wote washibe. Jumatatu kazi."

Mwanamkuu alimvuta mumewe pembeni kwa mkono wa kanzu.

"Shaush, usiwape nyama. Nakuomba kwa mwezi huu tuliomo, usiwape."

"Wana njaa."

"Ndiyo maana. Tumbo lililokaa wiki tatu tupu limekuwa la baridi, moto wake umebaki kaa moja. Ukilitupia nyama, linazimika na mwenyewe anazimika nalo. Wewe mwenyewe ukifungua magharibi nakupa nini kwanza? Uji. Na wewe hujala tangu alfajiri tu. Pangani baba aliletewa watu wa msafara waliopotea nyikani. Majirani waliwahurumia wakawapikia wali na mbuzi. Tulizika kumi na mmoja."

Murjan alitazama zizi, kisha akatazama upande aliposimama Bwana Saa.

"Amri ni amri, binti Fakihi."

Nyama ilitupwa juu ya uzio ikiwa bado inavuja damu. Waliokuwa hawawezi kusimama walisimama. Walipigana. Mwanamke mmoja alimkanyaga mzee uso ili afikie ini. Mwanamume mrefu, mifupa mipana, aliyeitwa Sumari, alimpokonya mtoto kipande mdomoni akakimeza bila kutafuna. Askari walikuwa wamefunga tangu alfajiri na mate yaliwajaa, wengine wakacheka, wengine wakageuza nyuso. Mwanamkuu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemwelewa, na walioelewa hawakujali.

Alasiri matumbo yalianza kuwa magumu kama ngoma. Walijiviringisha vumbini, wakatapika, wakashikwa na degedege. Kulipopambazuka maiti zilikuwa saba, mmoja wao akiwa bado ameshika mfupa.

Bwana Saa alikuja akizitazama kama mtu aliyeibiwa. "Sumu," alisema. "Nani ametia sumu?" Mtu akamwambia kwamba mke wa shaush alionekana akizunguka zizi na kupiga kelele.

Aliletwa. Bwana Saa hakumuuliza neno. Alimchapa usoni kwa fimbo yake ya kupandia farasi, mara mbili, na pigo la pili lilimpasua shavu mpaka karibu na sikio. Mwanamkuu alianguka magoti. Damu ilimwingia mdomoni, akaitema upesi kabla haijashuka kooni, kwa ajili ya saumu yake.

Aliyemwokoa alikuwa Saning'o, Mwarusha aliyekuwa mkalimani wa kikosi, mtu wa maneno machache. "Bwana mkubwa, mama huyu ndiye aliyesema wasipewe. Nilisikia kwa masikio yangu. Alisema nyama itawaua."

Bwana Saa alitoa saa, akaifunga, akairudisha mfukoni.

"Basi walishe wewe," alimwambia Mwanamkuu. "Waliobaki ni thelathini na nne. Nawataka wazima. Na kila mmoja akifa," akamnyooshea fimbo Murjan, "huyu anapata hamsa ishirini."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Kila mtu pale kambini aliwahi kuviona vikitolewa, na wengi walikuwa na alama zake.

*

Siku hiyohiyo alianza. Aliomba ulezi, asali, chumvi na maziwa, akapewa. Uji aliupika mwepesi, akauchuja kwa kitambaa mpaka ukawa kama maji ya kuoshea mchele. Maziwa aliyakata kwa maji ya moto. Kila mtu alipata kipimo cha vidole vitatu kutoka chini ya kikombe, akanywa polepole, kisha basi. Baada ya saa chache, vidole vitatu tena. Kipimo cha kwanza alikitoa baada ya sala ya alfajiri na cha mwisho baada ya isha, ili asikosee muda.

Walimchukia tangu siku ya kwanza. Walikuwa wameonja nyama, na nyama iliyobaki ilikuwa ikikaushwa juani hatua arobaini kutoka uzioni, harufu ikiwajia kila upepo ulipogeuka. Na hapa alisimama mwanamke wa pwani mwenye uso uliopasuka, akiwapa maji ya ulezi na kuwanyang'anya kikombe kabla hawajamaliza kulamba. Saning'o aliwaeleza kwa Kimeru kwamba ni dawa. Walimjibu kwamba wanajua mtu anavyouawa kwa njaa.

Siku ya tatu Sumari aliruka uzio. Alifika kwenye kamba za nyama, akajaza mdomo na kuanza kutafuna. Askari wa zamu aliinua bunduki.

"Usipige!" Mwanamkuu alipiga kelele. Alikuwa ameshika mchi wa kutwangia ulezi, akakimbia nao. Alimshika Sumari taya, akamsukumia vidole kinywani kuitoa nyama. Sumari akamng'ata mkono, meno yakazama mpaka yakagota mfupani. Mwanamkuu alijikung'uta, Sumari hakumwachia. Ndipo alipoinua mchi kwa mkono wa pili akamshushia begani, na mtulinga ukavunjika kwa mlio ambao askari aliyesimama mbali aliusikia.

Sumari alimwachia. Alilala chali, amefumbua macho, nyama bado ipo ulimini. Mwanamkuu aliitoa kipande baada ya kipande, damu yake mwenyewe ikimdondokea yule mtu kidevuni. Kisha akamfunga bega kwa kitambaa cha kichwa chake.

"Mwambie ataishi," alimwambia Saning'o, akihema.

Saning'o alisema. Sumari akajibu maneno mawili.

"Amesema nini?"

"Mama, achana nayo."

Kulikuwa na mwanamke, Ndeshi, mwenye binti wa miaka minne. Mume wake alikuwa mmoja wa wale saba. Ndeshi alikuwa ameficha utepe wa nyama kwenye vazi lake la ngozi, na kila askari alipogeuka aliutafuna na kumtemea binti kinywani, kama ndege. Mwanamkuu alipogundua, tumbo la mtoto lilikuwa limeanza kukaza. Alimwamuru Ndeshi kwa ishara autoe. Ndeshi alifumba ngumi. Mwanamkuu alikifungua kiganja kidole kimoja kimoja, na cha mwisho, kidogo, hakikukubali, akakikunja nyuma mpaka kikavunjika. Ndeshi hakulia. Alimtazama tu. Mwanamkuu alimgeuza mtoto kichwa chini, akamtia kidole kooni, akamtapisha juu ya miguu yake mwenyewe. Kisha akamkandia tumbo kwa mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto mpaka lilipolegea.

Mtoto yule alipona. Aliyekufa ni mzee, siku ya kumi na mbili ya mwezi, hana nyama mdomoni wala tumbo gumu. Alikaa ameegemea uzio, na walipompelekea kikombe cha adhuhuri walimkuta amepoa.

"Alikuwa mzee," Mwanamkuu alimwambia Bwana Saa. "Hakufa kwa chakula. Siku zake zimefika."

"Mmoja ni mmoja," alisema Bwana Saa.

Walimlaza Murjan juu ya pipa uwanjani, mbele ya kikosi alichokiongoza mwenyewe. Ombasha Bakhit, msaidizi wake, ndiye aliyepewa kiboko, na alipopiga viwili vya kwanza kwa huruma aliambiwa kwamba atabadilishana naye mahali. Baada ya hapo alipiga sawasawa. Kufika kumi ngozi ya mgongo ilikuwa imefunguka. Kufika kumi na nane kiboko kilikuwa kikirusha matone kwenye nguo za waliosimama mstari wa mbele. Murjan alihesabu mwenyewe kwa Kiarabu, kwa sauti, mpaka ishirini na mbili. Vitatu vya mwisho alihesabiwa na wengine.

Walimpeleka nyumbani juu ya ubao. Mwanamkuu aliosha mgongo kwa maji ya chumvi, akapaka asali, akaweka majani ya mgomba yaliyokaushwa kwa moto. Kisha akamletea maji.

Murjan alifumba mdomo.

"Umepoteza damu nyingi. Kunywa."

"Magharibi bado."

Alifunga siku ile. Akafunga ya pili. Ya tatu, homa ilipanda mpaka akawa anaongea na watu wa kwao waliokufa zamani, na midomo ikapasuka ikawa myeupe. Alasiri fahamu zilimrudia kidogo. Mwanamkuu alikuwa ameketi karibu, bakuli mkononi.

"Mgonjwa hafungi," alisema. "Ruhusa hiyo si yangu. Imeandikwa. Utazilipa siku hizi ukipona."

"Usinifundishe dini."

"Nakufundisha mwili. Moto wa homa unakula maji yako yote. Usipokunywa sasa, magharibi haitakukuta."

Murjan aligeuza uso. Kisha akaongea akitazama ukuta.

"Kule mlimani kulikuwa na nyumba imefungwa kwa ndani. Nikaambiwa, choma. Nilisikia kuna watu. Nikachoma. Ilikuwa siku ya pili ya mwezi, binti Fakihi. Alfajiri nilinuia saumu, adhuhuri nikachoma watu, na magharibi nikafungua kwa tende. Sasa unasikia? Sina kitu kingine cha mtu kilichobaki. Niachie saumu yangu."

Mwanamkuu aliweka bakuli chini. Alitoka nje, akasimama mlangoni akiutazama uzio kule chini, walikokaa watu aliokuwa akiwatoa chakula vinywani kila siku. Kisha akamwita Ombasha Bakhit na askari mwingine.

"Mshikeni," alisema.

Bakhit alisita. "Bibi, ni shaush wetu."

"Ulimpiga kwa amri ya Mzungu. Mshike kwa yangu."

Walimshika mikono na miguu. Murjan alipigana kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua ametoa wapi, majeraha ya mgongo yakafunguka, mkeka ukalowa. Mwanamkuu alimkalia kifuani, akambana pua, akamsukumia kijiko cha shaba kati ya meno. Jino moja lilivunjika. Maji yenye asali na chumvi yaliingia, akayatema, yakaingia tena, akakohoa, akameza. Alimnywesha bakuli zima hivyo. Lilipokwisha, Murjan aliacha kupigana. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa bado imeshikwa.

Siku ya pili yake homa ilishuka. Murjan alianza kula na kunywa mwenyewe, mchana kweupe, kimya. Hakumsemesha tena mke wake ila kwa jambo la lazima.

*

Mateka walipata nguvu. Vidole vitatu vikawa nusu kikombe, nusu ikawa kikombe, uji ukawa mzito, ndizi za kupondwa zikaongezwa, kisha mchuzi wa mifupa. Watoto wakaanza kugombana, na Mwanamkuu alijua hiyo ni dalili njema. Hata Sumari aliweza kutembea, mkono ukiwa umefungwa kifuani.

Siku ya ishirini Bwana Saa aliingia zizini, akawatazama, akawapapasa wanaume mikono. Aliridhika.

"Kazi nzuri," alimwambia Mwanamkuu. "Keshokutwa wanaume wanabeba mawe. Wanawake, askari watachagua."

Mwanamkuu alitazama njia ya mawe. Asubuhi ileile aliona Mwarusha mmoja ameanguka chini ya jiwe pale, msimamizi akampiga kiboko ainuke, akampiga tena, akaendelea kumpiga muda mrefu baada ya mtu yule kutokuwa na haja tena ya kuinuka. Ombasha Bakhit alikuwa amekwisha sema kwamba yeye anamtaka Ndeshi.

Alimkuta Ndeshi uzioni. Saning'o alisimama kati yao.

"Anauliza," alisema Saning'o, "kama uliwanenepesha kwa ajili ya hili."

"Mwambie sikujua." Kisha akasema, "Hapana. Mwambie sikutaka kujua." Akavuta pumzi. "Muulize watu wake wakipata njia, wana pa kwenda?"

Ndeshi alijibu kwamba upande wa juu kuna ndugu ambao migomba yao haikufyekwa.

Mwanamkuu aliwaeleza alichofikiria, taratibu, ili Saning'o asikosee. Bwana Saa hakuogopa mishale. Aliogopa tumbo la kuhara damu, kwa sababu mwaka uliopita liliua Wazungu wawili kwenye kambi nyingine. Mwanamkuu alikuwa na majani ya sanamaki ya kutosha kuwaharisha watu thelathini na tatu. Kilichokosekana ni damu.

"Kesho ni ishirini na moja," alisema. "Siku hiyo askari huja kwangu kuumikwa. Baada ya kufuturu, maana mchana ingewadhoofisha. Damu itakuwepo."

Ndeshi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kitu, akionyesha kwa mkono wenye kidole kilichopinda.

"Anasema damu ikikaa inaganda," Saning'o alitafsiri. "Ikorogwe kwa kijiti tangu inapotoka, utando ushike kijiti. Ndivyo wanavyofanya damu ya ng'ombe."

"Atakuja kuikoroga mwenyewe," alisema Mwanamkuu. "Nitasema nimemchukua anichotee maji."

Jioni ya pili yake askari kumi na wanne walijipanga nje ya nyumba yake. Aliwachanja mabegani, akabandika pembe, akanyonya hewa, akaziba kwa nta, akangoja, akazitoa zimejaa damu nyeusi. Kila pembe aliimwaga kwenye chungu kilichokuwa nyuma ya pazia. Ndeshi alikaa pale akikoroga, kijiti hakikusimama. Ombasha Bakhit aliumikwa wa mwisho, akaondoka akisema mwili umekuwa mwepesi. Murjan alikuwa amelala kwa tumbo kwenye kitanda chake, uso umeelekea pazia. Aliona kivuli kikikoroga. Hakuuliza.

Ndeshi alirudi zizini na kile chungu kichwani, kama cha maji, na sanamaki ikaingia kwenye uji wa isha. Mwanamkuu alipima kila mtu kwa jicho, watoto kidogo kabisa, wanaume zaidi. Sumari, mwenye mifupa mipana, alimpa kipimo kikubwa kuliko wote. Hilo lilikuwa kosa lake. Mwili ule ulionekana mkubwa, lakini kwa ndani bega lililovunjika lilikuwa limeula.

Kulipokucha zizi lilinuka mpaka kwenye nyumba za askari. Watu walikuwa wamelala kwenye uchafu wao, wakishika matumbo na kuugua kwelikweli, na kila mahali pana damu iliyochanganyika na maji. Bwana Saa alifika hatua thelathini kutoka uzioni, akaziba pua kwa leso.

"Ni nini hii?"

Mwanamkuu alifungua mdomo, lakini Bwana Saa hakumtaka yeye. "Shaush!"

Murjan alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza tangu viboko, kanzu imegandamana na vidonda. Alitembea hadi uzioni, akachungulia. Alikaa jeshini miaka kumi na mbili, aliijua damu ya matumbo na aliijua ya bega. Alimtazama mkewe, kisha akageuka akakaza mwili.

"Tumbo la damu, bwana mkubwa. Nililiona Misri. Liliua kambi nzima kwa siku tano. Linapita kwenye maji."

Bwana Saa alirudi nyuma.

"Toa wote! Vuka mto, juu mlimani. Choma zizi. Asiyetembea, piga."

Askari waliogopa kuwagusa, wakawaswaga kwa mawe na kwa risasi za juu. Watu waliinuka wakakimbia walivyoweza, wakianguka, wakiinuana. Ndeshi alimbeba binti yake mgongoni. Walipofika ukingoni mwa Themi, wawili walikuwa wamebaki nyuma. Mmoja alikuwa bibi aliyezimia. Wa pili alikuwa Sumari.

Alitambaa. Mkono mmoja haukumsaidia, na kila alipojaribu kusimama magoti yalikunjika na maji yakamtoka. Mwanamkuu alikimbia kumwendea, Bakhit akamdaka kiunoni. Bwana Saa alikuja mwenyewe na bastola, leso puani, akasimama mbali kidogo ili asichafue viatu. Alimpiga yule bibi kwanza. Sumari aliinua uso. Hakumtazama Mzungu, alimtazama Mwanamkuu, na hakuna aliyeweza kusema baadaye kama mtazamo ule ulikuwa wa kumlaani au wa kumwomba. Risasi ilimwingilia juu ya jicho. Ya pili ilipigwa akiwa amekwisha kufa.

Thelathini na mmoja walivuka.

Alasiri Murjan alimkuta mkewe amekaa chini nyumbani, mikono mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama bado vinashika mchi.

"Nilimpa kingi mno," alisema. "Bega nilimvunja mimi, na tumbo nikamwaga mimi."

Murjan alikaa kwenye kiti, kwa shida, bila kuegemea.

"Nimesema uongo leo," alisema. "Nilikuwa nimekwisha kunywa maji asubuhi, kwa hiyo haukuharibu saumu yoyote." Akajisogeza kitini. "Sikukasirikii kwa uongo. Ulikuwa mzuri. Wala sikukasirikii kwa kuniponya."

"Basi unanikasirikia kwa nini?"

"Nilikuomba kitu kimoja, binti Fakihi. Ukakaa kifuani kwangu ukanipokonya. Kila ninapokuona mkono unashika kijiko, nasikia jino linavunjika." Akashusha pumzi. "Nimekuacha. Talaka moja. Baada ya Idi kuna msafara wa pembe za ndovu unashuka Pangani, nimemwambia mkuu wake akuchukue, na msafarani wamo wanawake wengine."

Mwanamkuu alitikisa kichwa kukubali. Hakulia mbele yake. Aliinuka akabadilisha majani ya mgongoni, kwa sababu yalikuwa yamekauka, na Murjan akamwacha afanye.

Alikaa eda yake kwa mjane wa askari mmoja, nyuma ya kambi, mpaka msafara ulipokuwa tayari, na siku zilizobaki angezimaliza kwa baba yake. Asubuhi ya safari Saning'o alikuja kumuaga, kama mtu aliyepita tu njiani. Alikuwa ametoka juu, kwa Wameru, alikotumwa kutafuta vibarua, na alirudi bila kibarua hata mmoja.

"Wawili zaidi walikufa," alisema. "Wengine wapo."

"Na yule mtoto wa Ndeshi?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Ndizi, mama. Na maziwa."

"Maziwa mabichi?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Ukipanda tena, waambie wayachemshe," alisema Mwanamkuu, akijitwisha mzigo wake. "Na ndizi ziwe za kupikwa. Mbivu bado."

Saning'o aliahidi kwamba atawaambia.